Samaki walioitwa GMO: kisa cha vizimba vya Igombe

Samaki walirudishwa na bodaboda. Ndoo mbili za sato, kilo 19 kwa jumla, zilitoka Igombe, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, alfajiri kwenda Kirumba, na kabla ya saa sita mchana zilikuwa zimerudi ufukweni. Ziliambatana na ujumbe wa mdomo kutoka kwa mama anayekaanga samaki karibu na soko la Mwaloni: "Mwambieni mzee, hawa wa GMO awauzie watu wa mahoteli. Wateja wangu wanajua samaki." GMO ni kiumbe aliyebadilishwa jeni maabara.

Mzee mwenyewe si mgeni wa ziwa. Alivua dagaa kwa karabai zaidi ya miaka ishirini, akauza mtumbwi, akaweka vizimba viwili mbele ya miamba ya Igombe na kupandikiza vifaranga 2,000 kila kimoja. Nusu ya bei ya vifaranga alilipa siku ya kupokea. Nusu nyingine ilikuwa isubiri mavuno. Ndoo ziliporudi alimpigia muuza vifaranga na kumwambia halipi hata senti, kwa kuwa ameuziwa samaki wa kutengenezwa maabara. Muuza vifaranga akajibu kwamba watakutana kwa mtendaji wa kata. Hapo ndipo nilipoitwa. Waliniita wote wawili, siku moja, kila mmoja akiamini mimi ni shahidi wake.

Kazi yangu ni kuzunguka kwa wafugaji wa ukanda huu, na kisa cha namna hii nimekutana nacho kwa sura ndogo ndogo kuanzia Kayenze hadi Luchelele. Samaki akinenepa vibaya, lawama huenda kwenye mbegu. Chakula hakiulizwi, kwa sababu chakula mtu amekichanganya kwa mkono wake mwenyewe. Hapa nimeshawishika kueleza kwa urefu kwa kuwa ziwa lilinipa kitu ambacho mtafiti hulipia pesa nyingi kukipata: vizimba vya kulinganisha.

Nilianzia kwa mama wa Mwaloni, kabla hata ya kuona maji. Nilimkuta kwenye kigoda, kisu mkononi, karai la mafuta likichemka pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye umetumwa na yule mzee?"

Nilimwambia nimetumwa na wawili. Akacheka, akatoa sato mmoja aliyekuwa amemweka kwenye barafu kama ushahidi, akampasua tumbo kwa mkato mmoja. Utumbo haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa na mafuta meupe, mazito, yaliyoganda kwa baridi ya barafu. "Hii ni nini? Si kuku wa broila huyu?" Akachukua donge la mafuta hayo, akaliweka kwenye kikaango kikavu. Likayeyuka likalia. "Nimewakaanga kwa mafuta yao wenyewe, kama kitimoto. Halafu nusa." Harufu ilikuwa ya rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango, kwa mbali lakini bila shaka yoyote. Mwisho akamgeuza samaki ubavu na kupitisha kidole mgongoni. "Tumbo la mtu mzima, mgongo wa mtoto."

Mafuta tumboni, harufu, mgongo mwembamba. Nimesoma ripoti za wataalamu zenye picha za rangi ambazo hazikuona kama alivyoona yule mama. Alikosea jina la ugonjwa tu.

Jina hilo lilihitaji kushughulikiwa kwanza, maana deni lilikuwa limening'inia hapo. Mzee alilitamka neno jeni kama "jini" kila mara, na sikumsahihisha. Kwa jinsi linavyoogopwa huku, tofauti ni ndogo.

Samaki waliobadilishwa jeni wapo duniani, na si siri. Wa kwanza kuruhusiwa kuliwa na watu ni salmoni aitwaye AquAdvantage, aliyepitishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, Novemba 2015. Alipachikwa jeni ya homoni ya ukuaji kutoka kwa salmoni wa Chinook, ikaunganishwa na swichi ya DNA iliyotoka kwa samaki mwingine wa bahari ya baridi, ili homoni iendelee kutoka hata miezi ambayo salmoni wa kawaida husimama kukua. AquaBounty, kampuni iliyomfuga, ilitangaza mwishoni mwa 2024 kwamba inaacha ufugaji. Japani walikwenda njia nyingine. Mwaka 2021 waliruhusu bunju ambaye hakuongezewa jeni ya mnyama mwingine. Walimkata jeni zake mwenyewe za kipokezi cha leptini. Leptini ni homoni inayohusika na kuzuia hamu ya kula. Ukiondoa kipokezi chake, samaki hapati taarifa ya kushiba, anaendelea kula, anakua upesi. Hata sato amefikiwa: mwaka 2018 Argentina iliamua kwamba sato fulani aliyehaririwa jeni na kampuni hiyohiyo ya AquaBounty hahesabiwi kuwa GMO kwa sheria zake.

Sasa muuza vifaranga mwenye mabwawa matatu ya saruji, pampu ya mkopo na kijana mmoja wa kulisha, atayatoa wapi hayo? Na nchi yenyewe ni hii ambayo Novemba 2018 serikali ilisimamisha hata majaribio ya mahindi ya GMO kule Makutupora, Dodoma. Samaki wa aina hiyo asingepita kimyakimya mpaka Igombe kwenye mfuko wa plastiki wenye hewa ya oksijeni.

Alichofanya muuza vifaranga ni vitu viwili, na alinieleza bila kuficha. Kwanza, wazazi wa samaki wake ni uzao uliochaguliwa: wanaokua haraka wanabakizwa wazae, wazembe wanauzwa sokoni. Msukuma amefanya hivyo na madume ya ng'ombe tangu enzi za mababu. Mbegu maarufu kuliko zote za sato duniani, GIFT, ilipatikana kwa njia hiyo tu, kwa mradi ulioanza Ufilipino mwaka 1988 kwa kuchanganya na kuchagua sato waliotoka Misri, Ghana, Kenya, Senegali na mashamba ya Asia. Hakuna jeni ya mnyama mwingine iliyoingia. Pili, vifaranga wake hulishwa homoni ya kiume, methiltestosteroni, kwa wiki tatu au nne za mwanzo ili wote wawe madume, kwa kuwa majike huacha kukua na kuanza kuzaa. Homoni hiyo haigusi jeni. Wakati samaki anafika kikaangoni, ile dawa aliyokula akiwa na uzito chini ya gramu moja imeshatoka mwilini zamani.

Mzee alisikiliza yote hayo akatikisa kichwa. "Mtaalamu, maneno yako ni mazuri. Lakini samaki wangu umewaona."

Alikuwa na haki. Maelezo hayamshindi mtu aliyeshika samaki mkononi. Kilichomshinda kilikuwa mita kama mia mbili tu kutoka vizimba vyake.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na vizimba viwili pembeni. Vifaranga walitoka kwa muuzaji yuleyule, walisafiri kwa gari moja, waliingia ziwani asubuhi moja ya Februari. Maji ni yaleyale, upepo uleule. Shemeji alikuwa ana mshahara wa kazi nyingine, kwa hiyo alinunua chakula cha viwandani kinachoelea, ambacho mfuko wake uliandikwa protini 30 kwa mia na mafuta 5 kwa mia. Mzee alitengeneza chake nyumbani. Kama kosa lilikuwa kwenye jeni, samaki wa shemeji walipaswa kuwa nalo.

Tulivua kumi huku na kumi kule. Mizani ya jikoni ilikuwa haifai kupima ini, na kijana wa zamu akasema kaka yake ananunua dhahabu ya wachimbaji wadogo kutoka Geita. Mizani ikaja mchana, ndogo kama simu, inayosoma mpaka sehemu za gramu. Tukaiweka juu ya ubao, ndani ya boksi ili upepo usiisumbue, na ini la sato likapimwa kwa heshima ambayo huku hupewa madini.

Samaki wa shemeji walikuwa na wastani wa gramu 410, na ini lenye wastani wa gramu 7.8. Samaki wa mzee walikuwa na gramu 290, na ini la gramu 11.6. Yaani samaki mdogo alikuwa na ini kubwa. Ukigawa uzito wa ini kwa uzito wa mwili, wa shemeji wanapata karibu 2 kwa mia, wa mzee 4 kwa mia. Rangi ilisema zaidi ya mizani. Ini la samaki wa shemeji lilikuwa jekundu la kahawia na kingo zake kali. La samaki wa mzee lilikuwa la manjano iliyopauka kama ugali wa muhogo uliolala, kingo zimevimba, na ukilibonyeza kidole kilibaki kinateleza. Tuliyatumbukiza kwenye glasi za maji ya ziwa. Yote kumi ya shemeji yalizama moja kwa moja. Ya mzee yalizama taratibu, isipokuwa moja, ambalo lilielea. Mzee aliinama akalitazama hilo moja kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi siku nzima.

"Kwa hiyo mbegu ni moja," akasema.

"Mbegu ni moja, mzee. Tuone jikoni."

Jikoni kwake palikuwa na mashine ya kusagia nyama iliyofungwa kwenye meza, inayotoa chakula kwa mfumo wa tambi zinazoanikwa juu ya turubai. Fomula alikuwa nayo kichwani. Kwa mkupuo wa kilo 100: mashudu ya alizeti kilo 30, pumba za mahindi kilo 30, mapanki ya kusaga (mabaki ya sangara aliyetolewa minofu) kilo 20, dagaa kilo 10, na mafuta ya sangara lita 10 kutoka kwenye madumu ya njano yaliyopangwa nje ya ukuta, juani.

Mafuta ya nini? Sababu alizokuwa nazo hazikuwa za kijinga. Yalishikanisha unga ili tambi zisivunjike. Yalipatikana kwa bei ya chini kutoka kwa wachemsha mapanki. Na alikuwa ameona kwenye simu video ya chakula cha salmoni kule Norway, pellet, yaani punje za chakula, zinang'aa mafuta, msimulizi akisema ndiyo siri ya ukuaji. Video haikudanganya. Chakula cha salmoni wa kukuzwa kina mafuta zaidi ya 30 kwa mia. Lakini salmoni ni mla nyama wa maji baridi, na mafuta yake mengi huyaweka ndani ya minofu yenyewe. Ndiyo ile mistari myeupe kwenye nyama yake. Sato ni mla mwani. Minofu yake hubaki mikavu, na mafuta ya ziada huyatupa tumboni na kwenye ini. Hapo ndipo jeni zinapoingia kwenye kisa hiki kihalali: tofauti ya wapi samaki anaweka mafuta imeandikwa ndani yake tangu mababu zake, na hakuna video inayoibadilisha.

Nilikaa na kalamu. Mashudu ya mashine ndogo za kukamua hubaki na mafuta mengi, 10 kwa mia au zaidi. Pumba zetu hubeba kiini cha mahindi, nazo karibu 10 kwa mia. Mapanki yana mafuta yake, dagaa wana yao. Ukijumlisha na yale madumu, makadirio yangu yalifika mafuta 20 kwa mia, na protini 26. Sato wa kukuzwa anahitaji protini kama 28 hadi 32, na mafuta baina ya 5 na 12. Juu ya 12 faida ya ukuaji inaisha na hasara inaanza.

Hasara hiyo inakujaje, maana mafuta ni nguvu? Gramu ya mafuta hutoa karibu kilokalori 9, ya protini au wanga 4. Kwa kiasi, hilo ni jambo jema: samaki akipata nguvu kwenye mafuta hachomi protini, anaijengea mwili. Lakini samaki hula mpaka atosheke nguvu. Chakula kikiwa na nguvu nyingi mno anaacha kula mapema, kabla hajafikisha protini anayohitaji kwa siku. Mzee alikuwa amenisimulia jambo hilo akilisifia: samaki wake walikuwa "hawana fujo ya kula", wakati wa shemeji wanarusha maji. Walikuwa wameshiba nguvu na wana njaa ya nyama. Na hawa walikuwa mbegu ya haraka, samaki waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kujenga minofu. Ukimnyima fundi wa namna hiyo matofali, uhodari wake hauonekani popote.

Mafuta yaliyozidi lazima yaende mahali. Ndani ya seli, ili yachomwe, yanapaswa kuingia kwenye mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, na lango lake linalindwa na kimeng'enya kiitwacho CPT1, kinachotumia karnitini kuyavusha. Lango hilo lina upana wake. Mwili wa samaki hulipanua kidogo mafuta yakija mengi, kupitia protini ya PPAR-alfa ambayo huzunguka kwenye kiini cha seli ikiwasha jeni za kuchoma mafuta; lakini halipanuki bila kikomo. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2020 kinachotokea ukifanya kinyume. Walimwondolea samaki-pundamilia wa maabara jeni moja ya CPT1, na kwa sato wakatumia dawa inayopunguza karnitini. Lango la mafuta lilipobanwa, samaki waligeukia sukari kama kuni, na protini ikabaki kwa kujenga mwili. Nalitaja jaribio hilo kwa sababu linaonyesha mpaka ambao mzee alikuwa ameuchanganya. Mle maabara jeni ilifutwa, na ikifutwa imefutwa hata kwa watoto. Igombe jeni zote zilikuwa salama mahali pake. Chakula kilikuwa kinaziwasha na kuzizima, kama mtu anayecheza na swichi za nyumba bila kugusa nyaya.

Kulikuwa na kichekesho kichungu zaidi. Yale mafuta ya sangara hayakuwa hata na ulazima. Samaki wengi wa baharini hawawezi kujitengenezea kwa kutosha omega-3 za mnyororo mrefu, lazima wazile. Sato ana vimeng'enya, vinavyotokana na jeni kama fads2 na elovl5, vya kurefusha mafuta ya mimea na kuyageuza kuwa ya aina hiyo, japo kwa kiasi. Mahitaji yake makubwa ni asidi ya linoleiki, aina ya mafuta ya mimea, karibu 1 kwa mia ya chakula au pungufu, na mafuta ya alizeti yamejaa hiyo. Mashudu peke yake yalikuwa yamemaliza kazi. Madumu yalikuwa yanamwaga maji ziwani.

Harufu je? Mafuta ya samaki ni mepesi kuharibika. Weka kwenye dumu nusu tupu, juani, kwa mwezi: hewa inayala, yanachacha. Dagaa waliokauka kwenye mchanga msimu wa mvua nao hufika wakiwa wameanza. Samaki akila mafuta yaliyochacha, vitamini E yake hutumika kupambana nayo, na ini ndilo linaloumia kwanza. Pua ya mama wa Mwaloni ilifika hapo kabla yangu.

Ushauri wangu wa Agosti ulikuwa mfupi: acha madumu. Nikaondoka nikiwa nimeridhika, na hilo lilikuwa kosa langu.

Niliporudi Oktoba, wiki nane baadaye, nilitarajia maini mekundu. Mafuta ya tumboni yalikuwa yamepungua kweli na harufu imekwisha. Maini yalikuwa bado makubwa, karibu 3.5 kwa mia, na sasa yamekuwa meupe-meupe na magumu kidogo badala ya kuteleza. Nikamuuliza mzee ameweka nini mahali pa mafuta. Akanionyesha kiroba cha dona. Bila mafuta tambi zilikuwa zinavunjika, hivyo akaanza kupika uji wa dona na kuukandia unga. Na kwa kuwa bei ya mapanki ilikuwa imepanda, akapunguza kilo 8 za mapanki na kuzijaza kwa dona hiyohiyo. Hakuna aliyemkataza. Nilimwambia cha kuacha, sikumwambia cha kuweka.

Ini la samaki lina kiwanda chake. Chakula kikiwa na mafuta mengi, jeni za kutengeneza mafuta hushushwa sauti. Kuna haja gani ya kukamua wakati yamejaa dukani? Mafuta yakipungua na wanga ukajaa, jeni zilezile hupandishwa, na ini huanza kugeuza wanga kuwa mafuta, huku wanga mwingine ukihifadhiwa humohumo kama glikojeni. Mzee alikuwa ameondoa mafuta mlangoni, na ini likaanza kuyapika ndani. Wengi wetu tunaoshauri tunasahau upande huo. Tunaliona dumu kwa sababu linanuka. Uji wa dona haunuki.

Kuna kingine kilichokuwa kinazuia mafuta yaliyokwisha kukaa kwenye ini yasitoke. Mafuta hayatoki kwenye ini yakitembea yenyewe kwenye damu. Yanafungashwa, na kifungashio kinahitaji kolini na fosfolipidi, vitu ambavyo soya inavyo vingi na pumba hazina vya kutosha. Ini lililonona bila vifungashio ni kama ghala la pamba lisilo na magunia.

Mara ya pili tulichanganya pamoja, mimi nikiwa nimekunja mikono ya shati. Mapanki yalirudi kilo 25, lakini mapya: tuliyachemsha, tukaengua mafuta yaliyopanda juu, tukakamua kwa jiwe kwenye kiroba, ndipo tukaanika kwenye chanja na kusaga. Soya iliyokaangwa ikaingia kilo 20, mashudu kilo 25, pumba zikashuka hadi kilo 20, dagaa wa chanja kilo 5, na kilo 5 tu za unga wa muhogo za kushikanisha tambi. Mafuta kwa makadirio yakaja karibu 11 kwa mia, protini ikavuka 30. Kwa wiki mbili za kwanza tulipunguza pia kiasi cha kulisha, na jambo hilo lilimuuma mzee kuliko mengine yote. Kwa mtu aliyezoea ziwa, kumpunguzia kiumbe chakula ili apone ni maneno ya mtu asiye na watoto.

Kwa mtindo huo tulibadilisha mambo manne kwa mpigo: mafuta, wanga, soya na kiasi. Mtafiti angenifukuza. Mfugaji mwenye deni hana vizimba vinne vya kujaribia kimoja kimoja, na mimi sikuwa na moyo wa kumwomba.

Wiki ya tatu samaki walianza kurusha maji saa ya kula. Mzee alinipigia simu kuniambia hilo tu, akakata. Katikati ya Desemba tulipima tena kwa mizani ya dhahabu: ini lilikuwa 2.4 kwa mia, kahawia, na yote kumi yalizama. Uzito wa samaki ulikuwa umefika wastani wa gramu 430. Wa shemeji walishauzwa muda mrefu wakiwa wakubwa kuliko hao, na miezi ile iliyopotea hakuna atakayemrudishia mzee. Gharama ya chakula cha kuwanyoosha ilikula karibu faida yote ya kizimba kimoja.

Kwa mtendaji hatukufika. Walikutana kwenye benchi la muuza kahawa Igombe. Muuza vifaranga alikuja na daftari lake, mzee na bahasha. Alilipa nusu iliyobaki, akahesabu mara mbili, kisha akasema kuna jambo moja: siku ya kuuza, hakuna aliyemwambia mbegu ya haraka inataka protini kiasi gani. Muuza vifaranga alikaa kimya kidogo. Halafu akatoa noti mbili kwenye bahasha akazirudisha, na kusema atabandika karatasi ya chakula kwenye ukuta wa mabwawa. Nimepita pale Januari. Karatasi ipo, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, ina kosa moja la hesabu kwenye mashudu ambalo nimelirekebisha.

Ndoo za kwanza za mavuno ya Desemba zilikwenda Kirumba, kwa mama yuleyule, na safari hii mzee alizipeleka mwenyewe. Nilikuwepo. Mama alichagua mmoja kutoka chini ya ndoo, si wa juu, akampasua. Utumbo ulionekana, na mafuta kidogo pembeni. Akapitisha kidole mgongoni, akanusa, akamrudisha ndooni.

"Hawa sasa ni wa ziwani," akasema. "Wale wa GMO umeshawamaliza?"

Walikuwa haohao, wa kizimba kilekile, wa mfuko uleule wa Februari. Mzee alinitazama, akamtazama mama, akasema bei ya kilo.